Kutembea Kando ya Ziwa na Mzigo

Mazungumzo ya redio kwa jamaa waliohama makwao na kwa viongozi wa vijiji. Katanika, Kalemie.

Jambo mama uliyeketi mbele ya kibanda chako Katanika, unatwanga sombe huku sikio liko kwenye redio ya jirani. Jambo baba uliyerudi kutafuta kibarua mjini na mikono mitupu. Jambo kwenu machefu na wazee wa vijiji vya kando ya ziwa. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio yako imekwisha mawe, karibu, kaa nasi.

Leo nataka tuzungumze juu ya safari ya miguu. Ni ile safari ya mwezi wa kumi, mvua za kwanza zinapoanguka, harufu ya udongo inaamka, na kila mwenye shamba moyo wake unamwambia: nenda ukaone. Jembe linakuita. Unafunga mzigo, unaacha watoto kwa jirani, unafuata njia ya kando ya ziwa. Nami nataka kukuuliza swali moja tu: katika mzigo huo, umefunga nini?

Kabla ya kujibu, nikumbushe kidogo tulivyofika hapa. Jimbo letu la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Lakini ugomvi kati ya Batwa na Baluba ulikuwa umekwisha kuwaka kabla ya hapo, na mwaka 2016 uliwaka upya kwa nguvu. Vijiji vilichomwa moto pande zote mbili. Watu walikimbilia Kalemie, wakalala katika shule na chini ya miti. Mwaka 2017 wengi wakapelekwa Katanika. Wako waliorudi makwao, wako waliorudi na kukimbia tena, na wako ambao mpaka leo hawajui kama kule nyuma kuna nyumba au kuna majani tu. Mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, ndugu wengine wa Kivu walishuka kwa boti mpaka bandari yetu. Kwa hiyo sisi sote hapa tunaijua safari. Hakuna wa kumfundisha mwenzake maana ya kubeba maisha yake yote kichwani.

Basi nitawasimulia safari moja ambayo mimi mwenyewe nilikuwamo. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2019. Kijiji sitakitaja, wala sitataja mtu, kwa sababu wenyewe wanaishi pale na wanataka kuendelea kuishi.

Tulikuwa watu tisa: akina mama wanne, wazee wawili, vijana wawili, na mimi. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja mjane, ambaye kila mtu alimwita Mama Mkubwa. Ndiye aliyekuwa na shamba kubwa zaidi kule. Tuliondoka kabla ya jua kutoka, saa kumi na moja, kila mtu na mzigo wake: unga wa bukari, chumvi kidogo, ndagala zilizokauka, sufuria moja kwa watu wote, turubai la kulalia, bidoni ya maji, na majembe.

Ninyi mnaoijua njia ile mnajua ilivyo. Pahali pengine unakanyaga mchanga, maji yanakulamba miguu, na wavuvi wameanika ndagala mpaka njia yote inang'aa kama fedha. Pahali pengine mlima unateremka mpaka ndani ya maji, hakuna ufuko, unalazimika kupanda juu kwenye mawe na kuteremka tena upande wa pili. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal tu ya Urusi inayolipita kwa kina. Ukisimama juu ya mawe yale na mzigo kichwani, huhitaji kuambiwa na mwalimu. Unaona mwenyewe jinsi maji yanavyogeuka meusi hatua chache tu kutoka ukingoni.

Siku ya kwanza mvua ilitukuta mchana. Mto mdogo ambao asubuhi ungeuvuka kwa kukunja kikwembe ulikuwa umejaa na kuvuma. Vijana walitaka kuvuka. Wazee wakasema tukae. Tukakaa karibu saa tatu, na maji yakashuka yenyewe. Hilo ni somo la kwanza la njia, na si la mto peke yake: maji ya hasira hayavukwi, yanangojewa.

Siku ya pili tukafika pahali pagumu. Ili kufika kijijini kwetu, njia inapita katikati ya kitongoji cha Batwa. Nyumba kama kumi na mbili, za majani, karibu na maji. Hakuna njia nyingine ila kuzunguka porini. Tukaweka mizigo chini, tukafanya shauri.

Vijana wakasema tupite usiku. Nami, ndugu wasikilizaji, nitasema ukweli: nilikubaliana nao. Tena mimi ndiye niliyetoa wazo lingine baya zaidi. Tulikuwa na mapanga matatu kwa kusafisha shamba. Nikasema, tuyafunge ndani ya mkeka yasionekane, watu wasije wakafikiri tumekuja kwa vita. Nilijiona nina akili.

Mama Mkubwa akakataa. Akasema: "Anayepita usiku ataitwa mwizi hata kama hakuiba. Mimi nitapita mchana, nitapiga hodi." Akachukua mzigo wake akaenda. Je, ungefanya nini? Tukamfuata.

Tulipofika hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria, kuku wanatembea, mtoto wa mbwa analia. Watu hawapo. Walikuwa wametuona tangu mbali, watu tisa na mizigo mirefu iliyoviringishwa, wakachukua watoto wakakimbilia porini. Sisi tulikuwa tunatetemeka kwa sababu yao, na wao walikuwa wamekimbia kwa sababu yetu. Tafadhali rudia maneno haya moyoni mwako: sisi tuliwaogopa, na wao walituogopa. Hofu ilikuwa moja, tumeigawana nusu kwa nusu.

Mama Mkubwa hakuingia ndani ya kitongoji. Alikaa chini pale njia inapoingia, akafungua mzigo wake wote, akaupanga juu ya kikwembe mchana kweupe. Unga huu hapa. Chumvi hii hapa. Jembe hili. Kisha akatuambia: "Na ninyi fungueni." Tukafungua. Mkeka ulipofunguliwa na mapanga matatu yakaonekana, nilisikia mtu porini akisema neno kwa sauti ya chini. Mapanga yaliyobebwa mkononi ni ya shamba. Mapanga yaliyofichwa ndani ya mkeka ni ya nini? Ni akili yangu ile iliyotaka kutuua siku ile.

Mama Mkubwa akayachukua mwenyewe, akayaweka mbali nasi, karibu na moto wao. Tukangoja muda mrefu. Mwishoni akatoka mzee mmoja, mvi tupu, amekonda. Akaketi upande wa pili wa mizigo. Hakusalimu. Akatazama chumvi. Kisha akamtazama Mama Mkubwa, akasema: "Wewe nakujua. Mimi nililima kwako."

Mzee akaanza kuhesabu. Alilima kwake msimu fulani, na msimu mwingine, yeye na mke wake. Siku nzima ya jua, na jioni alilipwa kikombe cha lutuku na mihogo iliyobaki. Mara nyingine aliambiwa arudi kesho. Watoto wake hawakuruhusiwa kula pamoja na wengine. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Sisi tulikuwa tumekuja na hesabu yetu: nyumba zetu zilizochomwa, mbuzi wetu, ndugu zetu tuliowazika. Hesabu yetu ilikuwa ya kweli. Na hesabu yake ilikuwa ya kweli.

Kijana mmoja wetu alitaka kusimama ajibu. Mama Mkubwa akamshika mkono. Akasema: "Lutuku ni kweli. Nilikulipa lutuku." Basi. Hakuongeza "lakini". Ndugu wasikilizaji, sisi watu wa mazungumzo ya amani tunapenda sana maneno mengi. Siku ile nilijifunza kwamba wakati mwingine amani inaanza pale ambapo mtu anasema ukweli na kuacha neno "lakini" nyumbani.

Msifikiri kwamba walikumbatiana. Hapana. Mzee alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo tuliogopa kulisikia: shamba la Mama Mkubwa analilima yeye. Ameotesha mihogo humo. Mihogo iko ardhini.

Je, ni shamba la nani? Hapa ndipo safari nyingi za kurudi zinapogeuka kuwa vita vipya. Mwenye shamba anasema, hili ni la baba yangu. Aliyelima anasema, jasho ni langu. Wote wawili wanasema ukweli, na kila mmoja anaweza kumwaga damu kwa ajili ya ukweli wake.

Tulilala pale siku mbili. Wakaitwa wazee wa kijiji, akaitwa mjumbe wa chefu, akaitwa mwalimu mmoja mwenye daftari. Walikaa baraza chini ya mwembe. Wakakubaliana hivi. Mihogo iliyo ardhini ni ya aliyeotesha, hata ikomae na kuvunwa yote. Shamba ni la mama, hakuna anayebisha. Ikivunwa mihogo, mama atachukua upande wa mlimani, na mzee ataendelea kulima upande wa ziwa kwa misimu miwili, bila kulipa kitu. Mama akitaka mtu wa kumlimia, atamlipa kwa fedha au kwa mazao, mbele ya mashahidi, siku ile ile, na lutuku haitahesabiwa kuwa malipo. Mwalimu akaandika. Waliojua kuandika wakaweka sahihi, wengine wakaweka dole gumba. Karatasi ya kwanza akabaki nayo mjumbe wa chefu, ya pili mama, ya tatu mzee.

Mwalimu yule alifanya jambo moja zaidi. Mpaka wa shamba upande wa chini ulikuwa mawe mawili makubwa kando ya maji. Akasema, mawe hayatoshi. Akahesabu hatua kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye mawe, mama akitembea upande mmoja na mzee upande mwingine, akaandika hesabu ile.

Mwaka 2020 na 2021 ziwa likapanda. Mnakumbuka. Maji yaliingia nyumba za Kalemie, na mwaka 2024 yalipanda tena kwa nguvu. Wazee wanakumbuka miaka ya 1960, yalipofanya vivyo hivyo. Tena hata kabla ya hapo: mwaka 1874 mzungu Cameron alipofika Lukuga alikuta mlango wa mto umezibwa na matete na majani, na miaka michache baadaye maji yakapasua njia, yakakimbilia Lualaba. Ziwa hili linapanda na kushuka, na Lukuga ndio mlango wake pekee wa kutokea. Basi mawe mawili yale yakazama. Sehemu ya njia tuliyotembea iko chini ya maji leo. Kama mpaka ungekuwa mawe peke yake, ugomvi ungerudi. Lakini hatua zilikuwa zimeandikwa, na watu wawili walizitembea pamoja. Wakarudi kwenye mwembe, wakahesabu tena, wakaona maji yamekula sehemu ya mzee, wakaigawa hasara. Walibishana, ndiyo. Lakini hakuna aliyekimbia porini.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya zamani, watu wa leo hawasalimiani tena. Nitawaambia jambo la zamani kweli. Mwaka 1879 msafara mmoja ulitembea kwa miguu kutoka kusini ya ziwa, ukapita milima ya Marungu, mpaka Lukuga, mwisho wa mwaka ule. Mzungu wake alikuwa kijana Mskoti, Joseph Thomson. Lakini kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao, yule yule aliyesaidiana na Susi na wenzake kuupeleka mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo. Nyakati zile zilikuwa mbaya, biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu nchi, na kila kijiji kiliogopa wageni. Walikutana na vitisho, tena mbele ya Lukuga walilazimika kurudi nyuma. Lakini msafara ule ulirudi pwani mwaka 1880 bila kupiga vita na watu wa njiani. Walikuwa na bunduki. Walichotumia zaidi ni subira, salamu kwa wakubwa wa nchi, na kukubali kugeuka pale walipokataliwa kupita.

Sasa nirudi kwako, msikilizaji uliye Katanika na unayefunga mzigo.

Kwanza, hakuna anayekulazimisha kurudi. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao inasema kurudi ni kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Na Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi hii haki ya kutembea na kukaa anapotaka. Ni haki yako. Ni haki ya Mtwa pia.

Pili, uliza habari kabla ya kuondoka. Uliza waliotoka kule wiki hii, usiulize waliotoka mwaka jana. Njia iliyokuwa salama jana inaweza kufungwa leo. Wakikuambia ngoja, ngoja.

Tatu, tuma neno mbele yako. Chefu ajue, na kitongoji cha njiani kijue: watu wangapi, siku gani, wanakuja kuona shamba.

Nne, tembea mchana, pamoja na akina mama na wazee. Panga na jembe vibebe wazi. Usifiche chuma ndani ya mkeka. Nimekuambia nilivyofanya mimi, usifanye hivyo.

Tano, linda afya yako. Kipindupindu kinaijua njia ile kuliko sisi. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa. Mtu akianza kuharisha njiani, mchanganyie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, mnyweshe kidogo kidogo, na mfikishe kituo cha afya upesi. Kwenye milango ya mito angalia mamba na kiboko. Mto ukijaa, ngoja.

Sita, ukifika ukakuta mtu shambani mwako, usimguse, wala usiguse mihogo yake. Kaa chini. Omba baraza.

Nanyi machefu na wazee, neno langu kwenu ni fupi. Mgeni anayepiga hodi akikosa wa kumjibu, kesho hatapiga hodi. Wekeni mtu wa kupokea. Andikeni mapatano, na karatasi zikae kwa pande zote mbili. Baraza lisilo na Mtwa ndani yake haliwezi kuamua juu ya Mtwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kukuza haki za wananchi wa asili, ambao ndio hao ndugu zetu tuliozoea kuwaita watu wa porini. Sheria iko. Lakini sheria haitembei yenyewe kando ya ziwa, inahitaji miguu yenu.

Na ninyi ndugu Batwa mnaosikiliza: mmeona watu na mizigo wanakuja, moyo unaruka. Ni haki yenu kuogopa. Lakini kabla ya kuchukua mshale, tazameni kwanza kama mizigo imefunguliwa.

Mama Mkubwa yuko hai. Analala Katanika wakati wa kiangazi, na mvua zikianza anakwenda kulima. Nilimuuliza siku moja kama amemsamehe mzee yule, na kama mzee amemsamehe yeye. Akacheka kidogo. Akasema: "Hatujafika huko. Lakini nikipita, ananiambia mto umejaa au haujajaa."

Ndugu wasikilizaji, fikirini juu ya hilo jioni ya leo mkiwa mezani, au kama meza hakuna, mkiwa kwenye moto. Mtu ambaye jana ungemkimbia, leo anakuambia kama mto umejaa. Si upendo bado. Lakini kwa mtu mwenye mzigo kichwani, ni jambo kubwa.

Mvua zinakaribia. Fungeni mizigo yenu vizuri, na mwe tayari kuifungua. Kwaherini.